Nilivyokwenda Muramvya kwa Pikipiki Bila Kulowa

Tangu nirudi hamniachi nifanye kazi. Mtu analeta shati moja kupigwa pasi, shati lenyewe halina hata kunyanzi, kumbe anataka habari. Haya basi, nimeandika. Atakayekuja tena na shati safi nitampa karatasi hizi asome palepale kwenye benchi, mimi niendelee na pasi yangu. Mambo ya kutafuta usafiri, ya gari tuliloahidiwa likakosa mafuta likabaki limelala uani, sitayarudia. Mlikuwepo, mlinicheka. Naanzia pale nilipopanda.

Kwa asiyenijua, mimi ni dobi hapa Mutakura, Bujumbura, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Wazazi hatunao tena, tumebaki mimi na mdogo wangu Bahati, fundi wa friji. Bahati amempata msichana, Chantal, nesi, binti wa kilimani huko nyuma ya Muramvya. Sasa, kabla familia ya mvulana haijakwenda kubisha hodi kwa familia ya msichana, jambo ambalo Warundi wanaliita gufata irembo, yaani kushika mlango wa ua, baba yake Chantal alituma neno. Alisema: "Huyo kijana hana baba. Nataka kumwona anayesimama mahali pa baba yake. Aje peke yake Jumamosi, kabla ya saa sita." Akiniona sifai, hakuna irembo na hakuna Chantal.

Ijumaa jioni Bahati alikuja kibandani, akakaa juu ya kapu la nguo chafu, jambo ambalo silipendi.

"Yaya," akaniambia, yaani kaka, ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "usiniangushe. Yule muzee haongei sana. Anaangalia tu."

"Anaangalia nini?"

"Sijui. Anaangalia."

Mimi nikajua. Mtu anayeangalia kabla ya kusikia anaangalia nguo, nani asiyejua? Nikatoa suti yangu ya kijivu, nikaipiga pasi ya makaa mara mbili, mkunjo wa suruali ukasimama sawasawa. Nikalala nimetulia kabisa. Alfajiri nikaamshwa na mvua juu ya bati.

Mutakura hadi Gihosha: Uchafu unatoka chini

Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyekuja kunichukua anaitwa Désiré, Mrundi, tumezoea kuonana stendi, rika langu au amenizidi mwaka mmoja miwili. Hana maneno mengi mpaka umuulize kuhusu kazi yake, hapo hanyamazi. Alikuwa amesimama mlangoni maji yanamtiririka, lakini suruali yake, niliiona mara moja kwa jicho la kazi, ilikuwa kavu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Miaka yote hii nafua suruali za watu waliopanda pikipiki kwenye mvua, zote zina madoa yaleyale: mstari wa tope mgongoni, vidoa vyeusi ndani ya magoti, na mguu mmoja una grisi ya mnyororo. Huyu hana hata kimoja. Nilisahau safari, nikaanza kumkagua.

"We unafanyaje?" nikamuuliza.

"Watu wanaogopa maji ya juu," akasema. "Ya juu ni safi, yanakauka. Uchafu unatoka chini."

Akanionyesha. Kwenye bampa la matope la gurudumu la mbele amefungia kipande cha tairi kuukuu, kinaning'inia karibu kugusa barabara, ndicho kinachozuia tope kuruka miguuni. Miguuni amevaa mirija miwili ya mpira aliyoikata kwenye tyubu ya lori, kutoka gotini hadi juu ya kiatu. Shingoni ana taulo, kwa sababu, anasema, mvua inapita kwenye kola kabla haijapita kokote. Mikononi glavu za kuoshea vyombo, za rangi ya waridi. Kifuani, chini ya koti la mvua, magazeti ya zamani. Nikamuuliza magazeti ya nini, akasema yanazuia upepo, na ukikwama njiani unasoma.

Alikuwa amenibebea mirija mingine. Suti yangu tukaiviringisha ndani ya ile nailoni inayokaa ndani ya gunia la sukari, tukaitia kwenye gunia lenyewe, nikaifunga mgongoni chini ya koti langu la mvua, nikawa na nundu. Viatu vyangu vyeusi vikaingia kwenye mfuko wao peke yao, vikaning'inizwa pembeni ya kiti. Mwavuli nikaushika mkononi. Miguuni nikavaa buti kuukuu, na ile mirija ya mpira nikaiingiza ndani ya buti, vizuri, nadhifu, kama mtu anayechomeka shati.

Désiré akatazama. Akafungua mdomo, akaufunga.

Kosa la pili nilifanya kwenye kiti. Mimi si mtoto wala si mke wake, nikaacha nafasi kati ya tumbo langu na mgongo wake, nafasi ya heshima. Tukaondoka. Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea Gihosha nilikuwa nimekalia bwawa. Maji yalikuwa yanateremka mgongoni kwake, yanakusanyika kwenye ile nafasi ya heshima, na mimi nimekaa katikati. Na miguuni nako kulikuwa na jambo. Buti zilikuwa zinazidi kuwa nzito. Kila shimo tulilopita nilisikia chubwi ndani ya buti ya kulia.

"Simama!" nikapiga kelele. "Simama, bwana, nazama!"

Tukasimama chini ya paa la duka lililofungwa pale Gihosha. Nikavua buti, nikamimina. Maji yalitoka kama ya birika. Désiré alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mupira unakaa nje ya kiatu," akasema. "Inje! Maji yanashuka juu ya mupira, yanaanguka chini, yanakwenda zake. Ukiuweka ndani unayaonyesha njia ya kuingia."

"Mbona hukuniambia?"

"We ni muntu wa nguo. Nikasema pengine unajua kitu ambacho mi sijui."

Nikaivaa mirija nje ya buti, nikakaa kwenye kiti nikiwa nimemkumbatia kama pacha wake, na ni kweli, toka hapo hakuna tone lililopita katikati yetu.

Kupanda mlima: Foleni ya udongo

Barabara ya kwenda juu mnaijua. Upande mmoja mlima, upande mwingine mji unazidi kuwa mdogo mpaka unapotea ndani ya wingu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza. Kwa nini tunakaa mbali na malori? Kwa sababu tairi la nyuma la lori linarusha tope mpaka kwenye meno, na dereva wa lori hakuoni. Kwa nini hatupiti katikati ya barabara? Kwa sababu katikati ndipo mafuta ya injini yanapodondoka, na mvua ya kwanza inayaamsha. Na hao wa baiskeli?

Maana wale ndugu zetu wa baiskeli walikuwepo kama kawaida, wamening'inia nyuma ya malori yanayopanda, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani, mvua yote usoni. Mmoja alikuwa amejitoboa matundu ya macho kwenye mfuko wa unga na kuuvaa kichwani. Tulipolipita lori lake aliniinulia kidevu kwa heshima, maana mikono yote ilikuwa kazini. Nikamwinulia changu.

Kisha tukakuta foleni. Sehemu ya ukingo ilikuwa imeporomoka, udongo mwekundu umelala nusu ya barabara, lori la kabichi limekwama ndani yake. Watu walishuka, wakatoka na majembe sijui wapi, wengine wakaokota mawe kwa mikono. Désiré akaegesha pikipiki, akavua glavu zake za waridi, akaniachia nizishike, akaenda. Akaingia kwenye udongo mpaka juu ya magoti, ile suruali yake niliyokuwa naisifia ikaisha palepale.

Mimi nilibaki chini ya mwavuli, nimelishusha gunia langu mgongoni na kulikumbatia. Nisidanganye, nilitaka kwenda. Lakini kila nilipopiga hatua niliwaza mikono yangu, kucha zangu, yule mzee anaangalia.

Yule wa mfuko wa unga alifika, lori lake nalo likiwa limesimama. Akavua mfuko, akanitazama vizuri.

"We ni pasta?"

"Apana. Mi ni dobi."

"Na gunia?"

"Ni suti."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akafikiria. "Mvua hii, na suti iko ndani, na we uko inje," akasema, akaenda zake kusukuma lori la kabichi, anacheka peke yake. Nilikasirika, lakini kasirika unavyotaka, alikuwa amesema kweli.

Bugarama: Chai na ukungu

Tulifika Bugarama saa tatu na nusu. Baridi ya pale si ya kutania. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye meza za soko, unaona karoti na vitunguu lakini muuzaji humwoni, unasikia sauti tu ikikuita. Tukaingia kwa mama mmoja anayeuza chai ya maziwa na viazi vilivyokaangwa, kibanda chake kina jiko la kuni katikati na benchi pande zote. Jina lake sikuuliza, wateja walimwita Mama Viazi naye anaitika. Nikala sahani mbili. Désiré alikula maharage, akakaa karibu na jiko, mvuke ukamtoka mabegani kama mkate wa moto. Tope la suruali yake lilianza kukauka na kudondoka sakafuni vipande vipande, nikaona aibu kwa niaba yake.

"Tuondoke," akasema alipomaliza. "Kutoka hapa na hali hii ni mwendo wa saa moja na nusu. Utafika mapema."

Nikachungulia nje. Mvua ilikuwa inapiga kweli. Nikapapasa gunia, nikahisi kona moja ina unyevu.

"Tungoje ipungue."

"Haitapungua."

"Itapungua."

Mama Viazi akaingilia. "Mvua ya hapa haisimamagi, baba. Inapumzika kidogo, inarudi. Munakwenda wapi?"

Nikamweleza, naye akaacha kukoroga chai. Akanitazama kwa uso uliofunguka, akapiga makofi mara moja.

"Kwenda kwa wakwe na mvua! Una bahati wewe. Nenda nayo, usiiache."

Nilidhani ananitania. Watu wa milimani wanatutania sana sisi wa bondeni tunaotetemeka. Nikacheka kidogo kwa adabu, nikaagiza chai nyingine. Mama Viazi akamtazama Désiré, Désiré akatazama kikombe chake. Tukangoja. Mvua ilipopumzika ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Njia ya udongo: Chemchemi

Kutoka Bugarama tuliteremka vizuri, tukapita Muramvya mjini, tukaiacha lami. Na mvua nayo ikarudi, nyembamba, ile isiyo na kelele inayoingia kila mahali. Njia ya kwenda kwao Chantal ni udongo mtupu. Pikipiki ilikuwa inakwenda ubavu. Mara mbili nilishuka, nikatembea kwenye majani pembeni, yeye anaisukuma.

Chini ya kilima kuna chemchemi, wameiwekea bomba la chuma, maji yanatoka mazito na safi. Kuanzia hapo ni kupanda mpaka kwenye nyumba, si mbali. Saa yangu ilionyesha saa sita kamili.

"Umechelewa kidogo tu," akasema Désiré. "Panda tuende."

"Hivi? Siwezi kwenda hivi."

"Wakwe wamengoja."

"Dakika kumi."

Dakika kumi gani. Nilisimama juu ya jiwe, nikavua koti la mvua, buti, soksi, suruali, nikabaki na chupi, naosha miguu kwa sabuni niliyobeba mwenyewe kwenye kisanduku. Désiré alinishikia mwavuli. Suti ilitoka kwenye nailoni kavu kabisa! Ile kona yenye unyevu ilikuwa gunia tu. Nilifurahi, nikaimba. Kisha nikafungua mfuko wa viatu, na wimbo ukanikatikia. Mfuko ulikuwa umeegemea bomba la moshi la pikipiki njia nzima. Ulikuwa umeyeyuka, ukagandia kwenye kiatu cha kulia, bluu, kama kidonda.

Nikakwangua kwa kisu. Nikakwangua, nikasugua kwa majivu ya sigara ya Désiré, nikapaka mafuta, nikasugua tena. Juu kilimani nilisikia watoto wanacheka. Nikafikiri wanacheka mambo yao.

Tulipoondoka pale ilikuwa imekaribia saa saba. Mvua ilikuwa imepumzika. Sikupanda pikipiki tena, ningechafuka. Nilipanda kwa miguu nikikanyaga majani tu, suruali nimeikunja mpaka magotini, na Désiré nyuma yangu anasukuma pikipiki kwenye tope, anahema, anateleza, anaanguka, anainuka. Nilipokaribia ua nikakunjua suruali. Nilijiangalia chini mpaka juu. Jamani, nilikuwa safi. Kutoka Mutakura mpaka pale, mvua tangu alfajiri, sina doa.

Irembo

Irembo lenyewe ni uwazi kwenye ua wa miti, miti miwili mikubwa huku na huku. Mzee Gaspard, baba yake Chantal, alikuwa ametoka nje na watu wake. Mrefu, kofia ya sufu, koti la zamani. Nikasimama wima, nikatoa mkono.

Akanipita.

Akaenda moja kwa moja kwa Désiré, aliyekuwa ndiyo kwanza anaegesha pikipiki, tope mpaka kwenye nyusi. Akamshika mabega yote mawili, akamkumbatia, tope likahamia kwenye koti lake mwenyewe.

"Yoo! Umetuletea mvua! Urakaza neza, karibu sana, ndugu yangu, umetuletea mvua!"

Akamwingiza ndani akiwa bado amemshika. Wanawake wakapiga vigelegele. Désiré alikuwa anageuza shingo kunitafuta. Mimi nikafuata nyuma. Désiré wakamkalisha kwenye kiti karibu na moto, wakamfunika blanketi, Chantal mwenyewe akapiga magoti na beseni la maji ya moto kwa ajili ya miguu yake. Chantal hakuwa ameniona hata siku moja, anajua tu kwamba Bahati ana kaka. Mimi nikaonyeshwa kigoda karibu na mlango.

"Muzee," akasema Désiré, "apana. Mi ni motari. Kaka ni yule."

Wote wakageuka.

Mzee Gaspard alifanya kazi bandarini Bujumbura ujanani, Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Alinitazama viatu, akapanda polepole mpaka kwenye kola.

"Tuliwaona," akasema. "Toka hapa tunaona njia yote. Tuliona watu wawili. Mumoja anasukuma pikipiki, anaanguka, anaamka. Mwengine amesimama juu ya jiwe, anavua suruali. Watoto wakaniita, baba, kuja uone muntu anaoga ndani ya mvua chini ya mwavuli. Nikasema huyo ni wa muji, amemusindikiza mwenzake. Anayesukuma ndiye mwenye haja ya kufika."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Nilisema saa sita," akaendelea. "Saa sita ulikuwa chini pale. Mugeni akija na mvua, hapa kwetu tunaipokea pamoja naye, hiyo ni baraka ya nyumba. Wewe ulikuwa nayo. Ukajifuta, ukaiacha kwenye chemchemi. Kwa nini?"

Kumbe Mama Viazi alikuwa ameniambia ukweli, na mimi nikaagiza chai. Uso wangu ulikuwa unawaka. Nilimwona Chantal amesimama na beseni, macho yamejaa, na nikajua Bahati ataniuliza nini jioni ile, na nitakuwa na jibu gani.

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeandaa moja, ilipotea. Nikasema tu yaliyokuja.

"Baba," nikamwambia, "tulipovuka kutoka Uvira ilikuwa mvua. Mimi na mdogo wangu. Nilimbeba, tukaanguka mtoni, tukafika Bujumbura tumejaa tope hata huwezi kujua shati lilikuwa la rangi gani. Tukasimama mlangoni kwa mtu tuombe maji ya kunywa. Mwenye nyumba akatutazama, akafunga mlango. Bahati akaniuliza kwa nini amefunga. Nikamwambia kwa sababu tuko wachafu. Siku ile nikaapa hakuna mtu atakayetufungia tena mlango kwa sababu hiyo. Ndiyo nikawa dobi. Leo nimekuja mlangoni kwako kumwombea yeye. Niliogopa. Basi."

Désiré aliinamisha kichwa, blanketi likamwanguka begani, hakuliokota. Miezi yote ile tunaonana stendi sijawahi kumwambia. Na ninyi pia sijawahi kuwaambia, mnaona.

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Ilianza ghafla, kwa nguvu, bati lote likalia.

Mzee Gaspard akasikiliza bati. Kisha akanionyesha mlango kwa kidole.

"Toka."

Nilidhani ndiyo mwisho. Nikainuka, nikatafuta mwavuli wangu.

"Uache," akasema. "Toka, nenda mpaka irembo. Halafu uingie tena."

Nikatoka. Hatua ya kwanza tu mvua ikaingia kwenye kola, kweli inapita pale kwanza. Nilitembea ule uwanja wote wa nyumba yake katikati ya tope, sikutafuta majani. Mkunjo wa suruali niliusikia unakufa kwenye mguu. Nikafika kwenye ile miti miwili, nikapita nje, nikageuka, nikasimama. Koti lilikuwa zito mabegani. Sikuona nyumba, mvua ilikuwa nyeupe mbele yangu.

Kisha nikamwona anakuja. Hakuwa na mwavuli wala ile kofia yake. Alikuja taratibu, tope kwa tope, akasimama upande wa ndani wa irembo, mimi upande wa nje, wote wawili tunalowa.

"Urakaza neza," akasema. "Umetuletea mvua."

Nililia, na mvua ilinisitiri kidogo, ingawa nadhani aliona. Akanishika mikono yote miwili, zile kucha zangu nilizozilinda tangu alfajiri, akanivuta ndani.

"Mutoto wako anaitwa nani?" akauliza.

Jina la Bahati analijua. Binti yake analitaja kila siku. Lakini aliniuliza mimi, na aliuliza hivyohivyo, mtoto wako.

"Anaitwa Bahati," nikasema.

"Basi mulete."

Mengine mnayajua: nilirudi nimevaa koti la zamani la mzee Gaspard, Désiré ananicheka kutoka Bugarama mpaka Gihosha, nimemkumbatia sawasawa na mirija ya mpira iko nje ya buti. Na ile suti ya kijivu mnayoiona imetundikwa hapo juu ya mlango, tope mpaka magotini, si ya mteja aliyesahau kuja. Ni yangu. Msiniulize nitaifua lini.